Lenta ya mlango inatoa kutu, na aliyeimwaga ni mjomba

Shikamoo Mzee Fundi,

Naishi Mabatini, Mwanza, huku mlimani ambako nyumba na mawe vinagombea nafasi. Nyumba ni ya marehemu baba. Ina vyumba vinne, tofali za saruji za inchi 6, na bati juu. Ilijengwa mwaka 1998, mvua za El Niño zilipokata, na aliyeijenga kuanzia msingi hadi kenchi za paa ni mjomba wangu, kaka yake mama. Mpaka leo ni mwashi na mtaani anaheshimika.

Tatizo ni lenta ya mlango wa mbele, ile boriti ya zege iliyo juu yake. Miaka kama miwili iliyopita niliona ufa mwembamba umelala kwa chini, kutoka kona moja ya mlango hadi nyingine. Ukaanza kutoa doa la rangi ya chai. Mwezi wa sita bonge la zege kubwa kama kiganja likadondoka kwenye ndoo ya maji, mahali ambapo mtoto wa dada yangu alikuwa ameinuka muda huo huo. Sasa nondo inaonekana, moja tu, imeoza, inabanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Juu ya kona ya kulia kuna ufa mwingine unapanda kwa ngazi kufuata tofali. Mlango nao unakwama. Tumeupiga randa mara mbili.

Nilimwita mjomba. Aliangalia akacheka, akasema hiyo ni plasta tu, ufa ni wa tetemeko la Kagera la 2016, na kama nyumba ilihimili tetemeko itashindwaje na mlango. Akakoroga simenti, akaziba. Baada ya wiki mbili kiraka kilidondoka chote.

Nikaita kijana mwingine. Yeye akasema ukuta wa mbele wote ubomolewe, ufundi laki tisa, vifaa juu yangu. Mjomba alipopata habari alikasirika kweli: "Mnaleta mtoto aje kuvunja kazi yangu?" Mama hataki ugomvi na kaka yake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, laki tisa sina, na kila nikipita pale mlangoni najikuta nimeinama.

Jambo jingine ambalo huenda lina maana: gata la juu ya mlango lilikatika zamani, na wakati wa masika maji yanateremka ukutani hapo hapo. Na nyumba yetu nusu imekaa juu ya jiwe, upande wa jikoni umekaa kwenye kifusi.

Lenta hii inatibika au ni ya kutoa? Na mjomba nimwambieje?

Mwalimu wa Mabatini

*

Marahaba, mwalimu.

Mjomba na hizo laki tisa vitasubiri. Kesho nenda wanakouza mirunda, zile nguzo za miti, chagua miwili iliyonyooka, na mbao moja ya 2 kwa 6. Mbao ilaze chini ya lenta kwa ubavu, yaani ule upana wa inchi 6 usimame, maana mbao iliyolala bapa inapinda kama mkeka. Mirunda isimame pembeni kabisa, mmoja huku na mmoja kule, ili muendelee kupita katikati. Chini ya kila mrunda weka kipande cha mbao pana, kisha kaza kwa kabari mbili zinazopishana. Kaza hadi ushikamane, usipige nyundo kama unataka kuinua nyumba. Kama fremu ya mlango imejaza unene wote wa ukuta, mbao ikae chini ya kichwa cha fremu, na pale penye nafasi kati ya fremu na lenta pachomeke kabari. Watu wengi wanadhani fremu ndiyo inayobeba lenta. Fremu kazi yake ni kushika bawaba. Mlango wako unakwama kwa sababu fremu imebebeshwa mzigo usio wake, na kila ukipiga randa unapunguza mlango wakati anayeshuka ni lenta.

Mtoto asikae hapo tena.

Sasa ugonjwa wenyewe. Chuma kikigeuka kutu kinavimba, kutu inachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa. Kikivimba ndani ya zege hakina pa kwenda, basi kinalipasua. Ndiyo maana ufa wako umelala kufuata nondo na haukukata lenta kutoka juu kwenda chini. Ufa wa tetemeko hautoi chai. Lile la Septemba 10, 2016, la kipimo cha 5.9, liliangusha nyumba nyingi Bukoba, na sikatai kwamba huenda lilitikisa ukuta wako, lakini haliozeshi nondo.

Zege jipya lina ukali wa simenti, na ukali huo ndio unaozuia nondo isishike kutu. Miaka inavyokwenda hewa ya ukaa inaingia polepole na kuuzima ukali huo kuanzia nje kwenda ndani. Nondo ikiwa ndani sentimita 2 na nusu, safari hiyo ni ndefu. Ikiwa karibu na uso, hewa inafika mapema, na maji ya gata yanamalizia. Nabahatisha kidogo hapa, ila nimevunja lenta nyingi za miaka ile: nondo ililazwa moja kwa moja juu ya ubao wa boksi la kumwagia zege, zege likamwagwa juu yake, hakuna biskuti. Biskuti ni vile vitofali vidogo vya zege vya kuinulia nondo. Vinatengenezwa kwa kiganja cha simenti, na kukosekana kwake ndiko kunakokula nyumba.

Utasikia mtu akisema ni chumvi ya mchanga wa ziwani. Hapana. Hilo ni la wenzetu wa Dar na Tanga wenye bahari. Ziwa letu maji yake ni baridi, hayana chumvi ya kula nondo. Ubaya wa mchanga wa ufukweni ni mwingine, nitaufikia.

Kutibika au kutoa? Chukua brashi ya waya, sugua ile nondo hadi ing'ae, kisha mwombe fundi wa kuchomelea aje na kipimo chake. Nondo ya milimita 12 ikibaki 10 unaona kama imepungua kidogo tu, lakini imepoteza karibu theluthi ya nguvu yake, maana nguvu ya nondo iko kwenye eneo lake la duara. Ingekuwa imeshika kutu ya juujuu tu, ningekwambia uvunje zege hadi vidole vipite nyuma ya nondo, uisugue yote, uipake uji wa simenti, ujaze zege dogo jipya kabla uji haujakauka, na ingedumu. Mjomba aliziba juu ya kutu. Kutu iliendelea kuvimba ikakitema kiraka, na ingekitema hata kama angetumia simenti ya dhahabu. Lakini ya kwako inabanduka kama kitunguu, iko moja, na imeshaanza kushuka. Hiyo ni ya kutoa.

Kuna mambo mawili ya kuhakikisha kabla hujanunua hata kilo ya simenti.

La kwanza ni ule ufa wa ngazi. Lenta inaposhuka, nyufa hutoka kwenye kona zote mbili na kuinamiana kama paa la hema juu ya mlango. Wako uko kulia tu. Kulia ndiko jikoni? Hukusema. Kama ni huko, nina wasiwasi na kile kifusi: jiwe halishuki, kifusi kinashuka, na nyumba iliyokalia vyote viwili hupasuka katikati yao. Mwanza tunalijua hilo. Kwa penseli piga mistari midogo kwenye ncha za ufa na uandike tarehe. Angalia pia kama kuna ufa kwenye dirisha la upande ule, au chini karibu na msingi. Kwa kuwa lenta sasa imeegeshwa haiwezi kushuka tena, ufa ukiendelea kurefuka baada ya wiki tatu basi anayetembea ni msingi. Hapo acha kila kitu, nenda halmashauri umwombe mhandisi wa majengo aje aone. Ufa ukitulia, kosa ni la lenta peke yake.

La pili, gonga plasta usawa wa lenta, nusu mita nje ya mlango, kushoto na kulia, toa kipande kidogo uone ndani. Ukikuta tofali, lenta yako ni kipande cha juu ya mlango tu. Ukikuta zege, mjomba alifunga lenta ya kuzunguka nyumba nzima, na huo ni mkanda unaoishika nyumba pamoja. Mkanda haukatwi na mwashi kwa tindo. Ikiwa hivyo niandikie tena, au huyo huyo mhandisi akuelekeze jinsi ya kuunga nondo. Kwa doa linalotokea mlangoni tu na nyumba ya mwaka ule, nadhani ni kipande.

Ikiwa ni kipande, laki tisa hazihitajiki na ukuta wa mbele haubomolewi. Huyo kijana simlaumu, kuanza upya ni rahisi kuliko kutibu, lakini pesa ni yako.

Lenta mpya mwagieni chini, uani, mkiendelea kuishi. Mlango wa sentimita 90 unataka lenta ya sentimita 130, ili kila upande ikalie ukuta sentimita 20. Watu huweka 10 na ndipo kona zinapasuka. Upana inchi 6 kama tofali, kimo inchi 9 kama tofali, ili iingie kwenye kozi, yaani safu ya tofali, bila kuhangaika. Nondo mbili za milimita 12 chini, mbili za 10 juu, ringi za kuzifunga pamoja za milimita 8 kila sentimita 15. Biskuti chini na ubavuni, sentimita 2 na nusu kila mahali. Zile nondo za chini ndizo zenye kazi: lenta ikielemewa tumbo lake linavutwa, mgongo unabanwa, na zege linavumilia kubanwa lakini likivutwa linakatika.

Vipimo vya zege: simenti ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne, kokoto zisizozidi milimita 20. Wale kina mama wanaoponda kokoto huko milimani wana nzuri sana, zenye pembe kali. Chagua mwenyewe, usiletewe. Mfuko mmoja wa kilo 50 utatosha na zaidi ya nusu itabaki. Maji ni nusu ya uzito wa simenti, basi. Kwa kilo 15 za simenti ni lita 7 na nusu, na mchanga ukiwa na unyevu punguza. Fundi atakwambia zege ni gumu kukoroga, anataka liteleze. Mwache alalamike. Alishindilie kwa kipande cha nondo hadi mapovu yaishe.

Na mchanga: tia kwenye chupa ya maji hadi nusu, jaza maji, tikisa, acha usiku mzima. Wanafunzi wako wanaweza kulifanya hili. Tope jepesi litakaa juu ya mchanga. Likizidi moja ya kumi ya kina cha mchanga, mchanga huo haufai kwa lenta. Wa ufukweni mara nyingi ni laini mno, una tope na magamba ya konokono. Tafuta wa mtoni.

Kabla zege halijakauka, andika JUU kwa msumari kwenye mgongo wake. Usicheke. Nikiwa kijana, Nyegezi, tuliinua lenta jioni giza likiingia, sote tumechoka, tukaikalisha tumbo juu. Nondo zenye nguvu zikawa mgongoni. Siku ile nondo za juu tulikuwa tumezibania, tuliweka za milimita 6, na baada ya wiki chache lenta ilikuwa na ufa katikati unaoingiza kucha. Mwenye nyumba hakujua kosa lilikuwa nini. Sisi tulijua. Tuliibadilisha kwa pesa yetu na tangu hapo naandika JUU hata kwenye lenta ya banda la kuku.

Ifunike na magunia, imwagilie asubuhi na jioni siku saba bila kuruka, kisha iache. Ikifikisha wiki tatu inanyanyulika bila hofu. Itakuwa na uzito wa zaidi kidogo ya kilo mia, kwa hiyo watu wanne na jukwaa imara, wala si watu wawili na meza.

Siku ya kubadilisha, chagua wakati hakuna mvua, kabla vuli haijashuka mwezi wa kumi. Nyumba kama zenu juu ya lenta huwa na kozi tatu hivi, halafu mbao inayobeba kenchi. Ukuta ungekuwa mrefu, tofali zingejishikilia zenyewe kwa umbo la pembetatu na mngepitisha boriti chini yake. Kwa kozi tatu pembetatu hiyo haitimii, mzigo wa paa unakuja moja kwa moja. Kwa hiyo egesheni kenchi kutoka ndani na nje, mirunda juu ya mbao pana, kabari zikazwe. Hapo ndipo mnatoa zile tofali za juu ya mlango moja moja, kwa ngazi, pana juu na nyembamba chini. Zilizo nzima zitarudi. Lenta ya zamani isivunjwe kwa nyundo kubwa ikiwa bado ukutani, mtikisiko utapasua vyumba vingine. Chongeni kona zake kwa tindo, teremsheni nzima au vipande viwili. Mloweshe pale inapokaa lenta mpya, mlaze simenti na mchanga moja kwa tatu, mkalishe, mpime usawa kwa pima maji, mjenge kozi zenu. Kozi ya mwisho, kati ya tofali na ile mbao ya kenchi, mshindilie simenti kavukavu kwa ubao mpaka isiingie tena. Hiyo sehemu mafundi huwa wameshachoka na kuiziba kwa mwiko tu, kisha paa linashuka milimita tano na ufa unarudi, na lawama inaiangukia lenta. Mirunda ya kenchi ibaki wiki nzima. Kati ya kichwa cha fremu na lenta mpya acheni nafasi ya unene wa kidole.

Ukimaliza yote haya bila kutengeneza gata umepoteza pesa. Gata kwanza, hata leo, na mwambie fundi bati aangalie kama fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, bado inashika misumari.

Nimeacha mjomba mwisho kwa sababu ndiye mgumu kuliko zege.

Usimwambie alikosea. Na si kumdanganya: nondo kukaa karibu na uso ni lake, lakini maji ya gata ya miaka yote hiyo si lake, na bila maji lenta ile ingefika mbali. Anza na maji. Nenda wewe na mama, msiende mikono mitupu, sato wawili wakubwa wa Kirumba wanafungua mazungumzo kuliko hoja yoyote. Mwambie, "Mjomba, maji yameila kazi yako, tunataka wewe ndiye umwage nyingine." Kisha mpe karatasi yenye vipimo nilivyoandika hapo juu, useme umevipata gazetini, fundi mmoja mzee kavitoa. Mwashi wa umri wake hapendi kufundishwa na mpwa wake ila atabishana na mzee mwenzake kwa raha, na katika kubishana atasoma. Mkono wake wa kujenga hauna shida. Mtu aliyesimamisha nyumba juu ya jiwe la Mabatini na kenchi bado ziko sawa anajua kazi. Kilichomkosa ni biskuti.

Yule kijana naye mchukue kama msaidizi wa kunyanyua, kwa siku moja. Mjomba akinung'unika, mwambie kilo mia zinahitaji mgongo mchanga.

Ya zamani ikishateremka, ivunjeni mhesabu nondo, halafu niandikie. Mimi nabashiri mbili, na ile ya pili imekaa juu.